Magunia Chini ya Zulia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata spana. Fundi Mkuu wa karakana yetu, hapa Tabora mjini, aliniamuru nikae nyuma kwenye gari la porini lisilo na viti wala zulia, juu ya bati tupu, akaliendesha hadi Kwihara na kurudi. Ile ni njia waliyopita wapagazi wa zamani kwa miguu, na nadhani wao hawakuumia kiuno kama mimi. Tuliporudi akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Kelele, mzee."

Akasonya. "Kelele hata kiziwi anaijua. Nakuuliza inatoka wapi."

Hapo ndipo kazi ilipoanzia, na hapo ndipo mafundi wa leo wanaponiudhi. Mpelekee mmoja gari linalopiga kelele: atapaka gundi, atatandika zulia jipya, atakurudishia funguo. Chini hajaangalia. Sisi tulifundishwa kwamba kelele za ndani ya gari ni za aina tatu. Kuna mtetemo wa bati lenyewe, unaotulizwa kwa kubandika vipande vya lami ili bati liwe zito. Kuna mvumo wa injini na gia boksi, unaopenya kwenye matundu ya sakafu. Na kuna upepo wa milangoni, huo dawa yake ni raba mpya. Lakini kabla ya yote unang'oa zulia kuukuu, unakwangua kutu kwa brashi ya chuma, kisha unagonga sakafu kwa ngumi, kipande kwa kipande. Bati zima linalia. Lililooza linatoa sauti butu, na hilo unalikata, unachomelea jipya, unapaka rangi ya kuzuia kutu na kusubiri ikauke. Kusubiri ndiko kunakowashinda watu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Nzega, nikawa natengeneza magari ya mabwana shamba. Wakitoka Lusu kipindi cha mvua, walirudi na nusu ya shamba sakafuni. Niliwasema mpaka nikachoka. Niliporudishwa Tabora, yule Fundi Mkuu alishastaafu, na juu yangu kulikuwa na Mkuu wa Karakana, mtu wa tai na haraka zake.

Ndipo likaletwa gari la kubebea wagonjwa kutoka zahanati moja ya upande wa Ipole. Mkunga wake, Sista Kabula, alilifuata mwenyewe hadi karakana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Sista. Habari za Ipole?"

"Za huko nzuri, ubaya uko kwenye hili gari. Nakaa nyuma na mama mwenye uchungu, ananiita simsikii. Nampigia dereva kelele asimame, naye hanisikii. Juzi mama kajifungua gari likitembea, dereva amekuja kujua tulipofika hospitali, Sikonge. Siku moja nitampoteza mtu, baba."

Nikaenda kwa Mkuu, nikamwambia nahitaji wiki nzima.

"Wiki nzima kwa zulia?"

"Sakafu imeanza kuoza, Mkuu."

"Kuna magunia ya tumbaku stoo. Tandika, funika, kesho liondoke. Mimi napigiwa simu kila saa."

Sasa mtu wa kwetu ukimtajia gunia la tumbaku hashtuki. Tumelala juu yake, tumelifanya pazia, tumelifanya dari. Ni zito, linameza sauti vizuri. Lakini linameza na maji vilevile, na mimi nilijua. Sitaki mtu aniambie eti niliagizwa. Nilijua, nikatandika tabaka tatu, nikafunika kwa zulia.

Gari likatulia ajabu. Sista akapiga simu kunishukuru, Mkuu akapongezwa, na mimi nikajifanya nimesahau.

Mvua zikaja. Magunia yakanywa maji ya kila kiatu kilichoingia mle, yakayashikilia juu ya bati usiku na mchana, na kutu ikala kwa raha zake. Tundu likatoboka karibu na bomba la ekzosi. Siku moja Sista alikuwa anampeleka mama mmoja, Nyamizi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, moshi unaingia polepole bila mtu kujua. Akamsikia Nyamizi akisema kwa sauti ndogo, "Sista, kichwa kinauma, sioni vizuri." Naye Sista mwenyewe alikuwa ameshaanza kuona kizunguzungu. Akagonga, dereva akasimama, wakafungua milango yote. Nyamizi akajifungua Sikonge, yeye na mtoto wazima.

Gari lilipoletwa niliinua zulia, na kidole changu gumba kikapita hadi upande wa pili. Mkuu akaja, akachungulia.

"Ziba kwa kipande cha bati, lirudi leo."

"Halirudi leo."

"Unasemaje?"

"Nasema niliyetandika uozo huu ni mimi, na nitaung'oa mimi. Ukitaka liende hivi, liendeshe wewe, na mkeo akae nyuma."

Nilipewa barua ya onyo kwa maneno hayo. Niliiweka mfukoni, nikalichangua gari hadi chuma kitupu. Nikalifanya kama nilivyofundishwa, siku kumi kamili, na kila siku Mkuu alikuja kusimama mlangoni akitazama saa.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga walisema mimi ni bingwa wa magari yasiyo na kelele, nikakaa pale nimenuna kama mtu aliyetukanwa. Gari linaweza kuwa kimya na bado likaua, lakini jambo hilo halisemwi kwenye sherehe.

Mwaka jana nilikuwa sokoni Ipole, mwanamke akanijia na binti yake mrefu kama yeye. Alikuwa Nyamizi. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye fundi wa lile gari. Akasema, "Baba, Sista aliniambia usingepunguza kelele zile asingenisikia. Huyu yuko hai kwa kazi yako." Akamwambia binti anishike mkono, akanipa chupa ya asali.

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa pale pale, na binti ananiangalia. Nikasema asante, nikapokea asali.