Mstari Uliokatika Kati Yangu na Kaka

Mimi ni mtu wa kufumua. Nashona nguo Ukunda, na mshono ukipinda kidogo tu, kiasi ambacho mteja mwenyewe hakioni, naufumua wote na kuanza upya. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba kosa nililomfanyia mamangu halikutokana na uzembe. Nilikosea kwa uangalifu mkubwa.

Dada yetu mkubwa ameolewa Ulaya. Alipokuja likizo alituletea zawadi ya vichupa vya kupimia DNA: kimoja chake, kimoja cha kaka anayemfuata, kimoja changu mimi binti kitindamimba. Tulikaa ukumbini kwetu Msambweni tukitema mate, kaka akilalamika kwamba koo limemkauka, aletewe ndimu ainuse.

"Watu wazima mnashindana kutema mate," mama alisema akicheka. "Baba yenu angekuwa hai angewafukuza."

Dada alitaka kujua tu kama kweli mababu walitoka ng'ambo, kama wanavyojigamba jamaa zetu. Mimi nilivutwa na jambo jingine. Majibu yalipokuja niliona kwamba ndugu wanaweza kulinganishwa kromosomu moja baada ya nyingine, nikaanza na ile ya X. Biolojia niliiacha kidato cha nne. Mengine nimejifundisha kwenye simu, pasi ikipata moto. Nilichora mistari kwenye karatasi ya kukatia nguo na kupaka rangi kila mahali ndugu wawili wanapofanana.

Mimi na dada tulifanana kutoka mwanzo hadi mwisho, bila pengo. Nilisoma kwamba ndivyo ilivyo kwa dada wa baba mmoja: baba ana X moja tu, na kila binti humpa hiyo hiyo, nzima. Nilifurahi kana kwamba baba amenipungia mkono. Kisha nikachora mstari wangu na kaka. Karibu wote ulibaki mweupe. Palikuwa na kipande kifupi cha rangi mwishoni, upana wa ukucha.

Nilichora tena. Mara tatu. Nikamlinganisha kaka na dada, nao wakafanana sehemu kubwa, lakini si mstari mzima. Basi nikakata shauri: mama yetu ni mmoja, ila baba si mmoja.

Baba alikuwa fundi wa malori katika mji wa Mackinnon Road, mbali na kwetu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Jambo hilo, ambalo maisha yangu yote lilikuwa habari ya kawaida, sasa nililihesabu mwezi kwa mwezi. Nilianza kumtazama kaka akila. Masikio yake, vidole vyake vya miguu. Ningeweza kumpigia dada simu. Ningeweza kunyamaza. Lakini Jumamosi moja, mama akiwa anakuna nazi, nilimuuliza kwa sauti niliyojitahidi kuifanya ya kawaida, "Mama, mwaka uliposhika mimba ya kaka, baba alikuwa anakuja kila mwezi?"

Mkono wake ukasimama.

"Umesema nini?"

"Nauliza tu, mama."

"Hilo haliulizwi tu." Akaendelea kukuna. "Shangazi yako hajathubutu kuniuliza hilo, na yule, ulimi wake waujua."

Mchana huo alinipakulia wali kwenye sahani ya peke yangu. Kwetu tunakula sinia moja. Sahani ni ya mgeni. Hakunitukana. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Lakini sahani ilikuja kesho yake pia, na kesho kutwa.

"Huyu anaumwa?" kaka aliuliza.

"Ana kazi nyingi ya kufikiri," mama akamjibu.

Wiki hiyo mteja aliniletea leso mbili, khanga za rangi tofauti, akitaka gauni la kuunga zote mbili. Nikiwa naunga, nilifikiria X mbili za mama: kila mtoto hupewa moja, na mara nyingi imeungwa kwa vipande vya zote mbili. Nikajiuliza, je, mwana wa kiume ile ya baba anaipokeaje? Nikaacha cherehani nikasoma. Haipokei. Baba humpa mwanawe wa kiume Y. X yake yote ni ya mama.

Nilikuwa nimempima kaka kwa kipimo cha dada. Ule weupe haukusema neno lolote kuhusu baba. Ulisema tu kwamba mama alimkatia kaka upande mmoja, mimi akanikatia mwingine. Nikafungua kurasa za kromosomu nyingine, ambazo sikuwa nimezigusa kwa sababu nilitaka kwanza kumaliza X bila dosari. Kaka alikuwa ndugu yangu wa baba na mama, waziwazi, tangu siku ya kwanza.

Siku ya mapumziko nilitandika leso mbili za mama mkekani, nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Nikamwomba radhi. Mama alizivuta leso kwake. Alizikunja pembe, akazikunjua.

"Kwa hiyo hiyo ya kakako yote ni yangu?"

"Yote, mama. Baba hakutia hata uzi."

"Ukanishitaki kwa kitu changu mwenyewe." Akazilaza leso sambamba. "Na mimi hizi mbili nilizipata wapi?"

"Moja kwa bibi wa Majoreni. Nyingine kwa babu, naye alipewa na mamake."

"Mamake babu sikumdiriki akiwa hai. Nasikia alitoka Taru." Akaishika leso moja. "Wewe umechukua ya nani?"

"Sijui bado. Karibu kila mahali kaka alipopata ya mmoja, mimi nina ya mwenzake."

Aliikunja ile leso, akaipakata. Kaka akaingia, akauliza kuna nini.

"Mdogo wako alikuwa anakutafutia baba mwingine," mama akasema.

"Kampata? Ana gari?"

Nilicheka hadi nikalia, au nilianza kwa kulia, sikumbuki. Mama hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi na sinia, akaliweka chini. Nilibaki nimekaa kando ya ukuta, nikingojea sahani.

"Wangoja kukaribishwa?" akasema. "Nawa mikono."