Siku Niliyoingia Sindo na Leso ya Mama Mkwe

Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikifika pale Rodi Kopany sitaki kukatizwa. Mimi, mwalimu wa sayansi, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi, niliwahi kuingia kwa wakwe zangu mchana kweupe nimejifunga leso ya mama mkwe, yake mwenyewe, ile aliyotoka nayo kiunoni. Nimekaa na aibu hii tangu mwaka wa tisini na sita na bado haijapoa.

Nilikuwa na pikapu kuukuu niliyoinunua kwa mtu wa Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu, ndiyo maana majirani zangu hapa Migori waliiita Nyar Masara, yaani binti wa Masara, nayo kweli ilikuwa na hasira za mtoto wa watu. Wiki ile pampu yake ya maji ilikuwa imeanza kulia na kudondosha matone, na Jumamosi mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Sindo na kina mama watano wa kanisa lake kumwona mtoto wetu wa kwanza, Adhi. Kwetu mama mkwe halali usiku nyumbani kwa mkwe, kwa hiyo nilikuwa nimeahidi kwa mdomo wangu kwamba nitawarudisha mwenyewe siku hiyo hiyo.

Niwaambie ukweli kwa nini nilijitolea. Tangu nimwoe Akinyi, miaka minne, mama yake hakuwahi kuniita orwa, mkwe wetu. Aliniita "mwalimu", kama mtu anayengojea kuhamishwa. Wakwe wenzangu wawili, mmoja mvuvi na mwingine mlevi, wote ni orwa. Mimi nililitamani neno hilo kuliko kupandishwa cheo, na niliona nikimfikisha nyumbani kama malkia atalitoa tu.

Basi Ijumaa nikampelekea fundi Odiwuor gari, pamoja na pampu mpya na thamostati mpya kutoka duka la spea. Pampu akaifunga vizuri sana, sina neno. Lakini ile thamostati ya zamani akaing'oa akaitupa kwenye nyasi, na ile mpya akanirudishia mkononi.

"Mwalimu, hii kitu rudisha dukani," akasema. "Ilitengenezewa wazungu, huko kwao kuna theluji. Hapa Migori baridi iko wapi?"

Hapo ndipo ingefaa ninyamaze. Badala yake nikamwomba mama wa chai sufuria ya maji ya moto, nikaitumbukiza ile thamostati mbele ya mafundi wote, na ilipofunguka polepole kama nilivyotabiri (mlango mdogo unafunguka, maji yanapita, injini inabaki na joto lake la kadiri), watu wakasema "Aaa!" nami nikaendelea kufundisha, nikagusia hata kutanuka kwa nta iliyo ndani yake. Odiwuor akafuta mikono yake. "Basi weka wewe mwenyewe," akasema, akaketi juu ya tairi. Nikaiweka mwenyewe, nikakaza nati zote mbili huku bado nafundisha.

Jumamosi tulikula, tukaombea mtoto, ikafika saa ya kuondoka. Sasa, mama mkwe hawezi kuketi kando ya mkwe, mabega yagusane kila kona, hiyo haipo. Mbele nikakaa na Akinyi na mtoto, na nyuma nikapandisha kochi letu la sebuleni, nikalifunga kwa kamba, mama mkwe akakalia pale juu akiangalia mbele kupita paa la gari, kina mama wakamzunguka wakiimba. Kila aliyetuona alisimama. Nikajiambia neno langu liko njiani.

Tulipopita Rongo Akinyi akasema, "Baba Adhi, hiyo mshale ya joto imepanda."

"Hiyo ni mita mbovu. Pampu ni mpya."

"Imepanda tena."

"Akinyi, nani anafundisha sayansi hapa?"

Tukafika Rodi Kopany, na ilikuwa siku ya soko. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, nyimbo zikakatika nyuma, gari likazima lenyewe katikati ya wauza nyanya. Mama Pamela, mjane mmoja kati ya wale kina mama, akapiga kelele, "Mwalimu, ngoja ipoe!" Lakini soko zima lilikuwa linatazama na mama mkwe alikuwa juu ya kochi, nitangojaje? Mimi niliyefundisha darasa la saba juma lile lile kuhusu nguvu za mvuke, nikatoa kitambaa changu cha mfukoni nikafungua kifuniko cha rejeta.

Maji yaliruka yakanipata mapajani. Jamani, suruali ya sufu ikishika maji ya moto haikuachii. Sikufikiri kitu chochote, nilivua. Nilivua nikaitupa, nikaruka kando nikipiga mayowe, na niliposimama nikajikuta kando ya pikapu, chini ya macho ya mama mkwe kabisa, nimebaki na ile nguo ya ndani ambayo mke wangu alikuwa ameniambia tangu Krismasi niitupe.

"Uwi!" Soko lilisema kwa sauti moja. Kina mama wakafunika macho. Mama mkwe aligeuza uso akatazama mbali kuelekea ziwani, akaifungua leso yake kiunoni, akaiangusha chini bila kuangalia inakoangukia. Iliniangukia kichwani. Nikaifunga. Mapaja yalikuwa yamevimba, suruali haikuvalika tena.

Mama Pamela akateremka, akaniomba spana (kumbe marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori), akangoja ipoe, akafungua zile nati zangu mbili. Akaitoa thamostati, akaitazama, akanitazama.

"Mwalimu, hii springi inafaa iangalie injini. Wewe umeiangalisha mbinguni."

Akaigeuza, akakata gasketi mpya ya kuziba maji kwa boksi la sabuni, tukajaza maji, na Nyar Masara ikaenda mpaka Sindo bila kutoa hata jasho. Hakuna aliyeimba tena. Baba mkwe na wazee wenzake walikuwa wamepanga viti nje kunipokea, na wote walinisalimia wakiangalia paji la uso wangu.

Niliporudi nilimuuliza Odiwuor kama aliona nikiiweka juu chini. "Niliona, mwalimu," akasema, "lakini ulikuwa unafundisha."

Baada ya wiki mbili wakwe wakatuma ujumbe wakidai mbuzi mmoja wa kuondoa aibu, na leso mpya, kwa sababu ile iliyovaliwa na mkwe, mama hawezi kuivaa tena. Nikanunua vyote. Nikaapa pia kwamba gari likienda kwa fundi mimi nitaketi kwa mama wa chai nimenyamaza, na kiapo hicho sijakivunja. (Ile thamostati ilifanya kazi mpaka nikaliuza gari. Nilikuwa sahihi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hivyo.)

Akinyi ndiye aliyepeleka mbuzi na leso. Alirudi anacheka, ameshikilia mlango.

"Mama amesema nini?"

"Amesema, mwambie orwa akija tena asije na spana."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie mara nyingine, bila ile sehemu ya spana.