Kufa kwa Mwigizaji

Juzi kwa simu nilimwona yule mwigizaji wa Kihindi, sasa mzee, akijisifu kwamba kufa kwenye filamu ilikuwa kazi rahisi: unalala, unaamka, unakunywa chai. Nilimtukana kwa sauti.

Nilipokuwa mdogo nilimwona akipigwa risasi, pale kwenye kibanda cha video Githurai. Jumamosi iliyofuata alirudi akiimba.

Basi tulipomzika baba kule Kalimoni, udongo mbichi ukinuka, akina mama wa kanisa wakiimba, mimi sikulia. Tata, dadake baba, alinifinya.

“Wee! Hata machozi huna? Si ni babako?”

“Si atarudi Jumamosi?”

Jumamosi nilivaa viatu vya kanisa, nikamngoja langoni mpaka nikaitwa kulala.

Hiyo chai na imuunguze.