Caren na Mtungi wa Habibo

Wiki tatu baada ya Habibo kuungua, Caren Adero alipata mwaliko wa kongamano la kila mwaka la gesi, na mumewe Morgan akamwambia asiende.

"Watu wanakutafuta Kitengela, sasa unataka kuwapelekea sura yako Kajiado?"

Caren aliukunja mwaliko akautia mkobani. Kwa miaka tisa alikuwa akiuza gesi katika kibanda cha mabati kando ya barabara ya Namanga. Kabla ya hapo alishona nguo kiwandani Athi River mpaka kiwanda kikapunguza watu, akaanza biashara na mitungi minne. Alikuwa mwanamke mkali. Mteja akija na haraka zake aliambiwa asubiri, naye Caren akachovya sifongo kwenye maji ya sabuni, akapaka valvu ya mtungi na kutazama kama kuna povu. Ukimhimiza, alikuuliza kama nyumbani kwako kuna mtu umechoka naye. Wateja walinung'unika, lakini walirudi.

Habibo alikuwa mmoja wa wateja wa kwanza. Alikuwa na hoteli ndogo ng'ambo ya barabara, akipika anjera, zile chapati laini za Kisomali, na chai ya maziwa, na mumewe Burhan aliuza mbuzi sokoni. Alhamisi moja asubuhi Habibo aliwasha jiko na moto ukamrukia. Aliungua mikono yote miwili, shingo, na upande mmoja wa uso. Gesi ilikuwa imevuja kwenye valvu, ikajaa jikoni bila yeye kujua. Mtungi ulikuwa umetoka kwa Caren jana yake.

Mji ulimgeukia. Mtu aliandika MUUAJI kwa rangi nyeusi kwenye mlango wa kibanda. Akina mama waliokuwa wakimwita Mama Felix sasa walivuka barabara wakimwona. Alipokwenda hospitali na mfuko wa maziwa na machungwa, Burhan alisimama mlangoni mwa wodi.

"Rudi nyumbani, mama."

"Nataka tu kumjulia hali."

"Hali yake unaijua. Ni wewe umeileta."

Caren aliuweka mfuko sakafuni; Burhan akausukuma kwa mguu mpaka ukamrudia miguuni.

Jioni ya siku ile ya moto, Caren alikuwa ameipima mitungi iliyobaki kutoka kwa lori lilelile lililoleta wa Habibo. Mitatu ilitoa povu. Aliipiga picha, akanakili namba zake, kisha akapigia kampuni iliyomuuzia, Samawati Gesi. Lori lao, ambalo kwa kawaida lilichukua siku nne kuja, lilifika baada ya saa moja na kuibeba ile mitatu. Tangu hapo hakuna aliyepokea simu yake. Wa kwanza kumtafuta alikuwa Gitonga, meneja wa mauzo, siku mbili kabla ya kongamano.

"Madam Caren, karibu sana. Lakini ile mambo ya Kitengela tusiiongelee pale. Iko kwa mawakili."

"Nimesikia," Caren alisema.

Kongamano lilikuwa katika hoteli nje kidogo ya mji wa Kajiado. Alipewa beji, mfuko wenye kalamu na kofia ya bluu, akaonyeshwa meza ya watu wanane. Mawakala wenzake waliomjua walipomwona amekaa, walibeba viti vyao mmoja mmoja wakahamia meza nyingine. Asubuhi nzima alikaa peke yake na glasi saba ambazo hazikuwa na wenyewe.

Wazungumzaji wa asubuhi walizungumzia gesi asilia. Walionyesha michoro ya mabomba kutoka pwani, meli za kubeba gesi, na miaka thelathini ijayo. Hakuna aliyetaja valvu. Wakati wa chai, Leshan, mwenyekiti wa mawakala wa Kajiado, alimfuata dirishani, akamsalimu kwa Kimasai.

"Sopa, mama."

"Epa."

"Leo usiongee. Wateja wameshaanza kurudi kwa makaa. Ukiongea unatufungia maduka sisi wote."

"Wewe mitungi yako unaipima, Leshan?"

"Mimi si fundi. Mimi nauza." Akachukua sambusa yake akaondoka bila kuaga.

Caren aliporudi ukumbini alimwona Burhan. Alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, bila beji. Langoni alikuwa amejifanya wakala kutoka Rongai. Macho yao yalikutana. Caren aliamini amefuatwa yeye.

Gitonga ndiye aliyepanda jukwaani kuzungumzia usalama. Alivaa suti ya kijivu na alizungumza taratibu, kama mtu anayesomea watoto.

"Mitungi yetu hukaguliwa mara tatu kabla ya kutoka kiwandani. Ajali ikitokea, mara nyingi shida iko kwa mtumiaji. Akina mama wengine hawajui hata kufunga regyuleta kwenye mtungi."

"Mke wangu amepika na gesi miaka tisa!" Burhan alipaza sauti kutoka nyuma. "Miaka tisa! Njoo umwambie hajui!"

Ukumbi ukageuka. Walinzi wawili wakaanza kumwendea. Caren akajikuta amesimama.

"Mwacheni huyo. Mimi niko na swali."

Kijana wa kipaza sauti alikuwa karibu, na kabla ya mtu kumkataza alikuwa amempa. Caren akasoma zile namba tatu kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, akasema mitungi hiyo ilitoka kwenye lori lipi na siku gani, na kwamba alikuwa na picha za povu. "Mlikuja mkaichukua ndani ya saa moja. Ilienda wapi?"

Watu walianza kuguna. Mtu kwenye meza ya mbele alimwambia aketi. Gitonga hakubabaika.

"Madam, nikuulize na mimi. Mtungi uliokwenda kwa huyo mteja, uliupima?"

Kitengela nzima ilijua Caren hupima. Angesema ndiyo, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumpinga. Alimtazama Burhan, ambaye walinzi walikuwa wamemshika mikono. Burhan naye alikuwa akisubiri jibu.

"Sikuupima," Caren alisema.

Ukumbi ulilipuka. Wengine walicheka. Mtu alipiga makofi.

"Lori lilikuwa limechelewa," aliendelea, sauti yake ikipotea katikati ya kelele. "Watu walikuwa wamepanga foleni wananitukana. Habibo alituma ujumbe kwamba gesi imemwishia na chakula kiko jikoni. Nilichoka. Nikautoa tu."

"Basi," Gitonga alisema akitabasamu, "jibu mmelisikia wenyewe."

"Sijamaliza! Mimi kosa langu nimelisema. Wewe lako uliliweka kwa lori ukaondoka nalo!"

Kipaza sauti kilikuwa kimeshazimwa. Meza tatu za mbele ndizo zilizosikia. Walinzi walimshika kwenye kiwiko, wakamtoa kwa mlango uleule waliomtolea Burhan.

Nje, kwenye vumbi la maegesho, Burhan alimsogelea mpaka Caren akarudi nyuma.

"Wiki tatu ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ukaniletea machungwa."

Burhan akatema mate chini karibu na viatu vyake, akaenda zake.

Barua ya kuvunjiwa uwakala ilifika siku tano baadaye. Kampuni ilichukua mitungi yake yote, na mwenye kiwanja akampa Caren mwezi mmoja atoe kibanda. Maneno aliyoyasema Kajiado yalifika Kitengela kabla yake, lakini yalifika nusu. Kila mtu alijua hakupima. Zile namba tatu hakuna aliyezisikia. Akaanza kuuza sukuma wiki mlangoni mwa nyumba yao ya kupanga, na majirani wakatembea mpaka mbali kununua za mtu mwingine.

Mchana mmoja Burhan alibisha hodi. Morgan alifungua, akasimama katikati ya mlango.

"Sijakuja kumsamehe," Burhan alisema, akimtazama Caren kupitia bega la Morgan. "Kampuni inasema hakuna mtungi mwingine uliovuja. Wewe peke yako uko na namba. Wakili wangu anataka uandike."

"Nitaandika."

"Yote. Na ile ya kwamba hukupima."

"Ukiandika hiyo watakushtaki na wewe," Morgan akamwambia mkewe. "Caren, una watoto."

"Habibo pia ana watoto," Caren alisema, akavaa viatu.

Katika ofisi ya wakili mjini Kajiado aliandika kurasa mbili kwa mkono. Burhan alikaa kiti cha mbali na hakumtazama hata mara moja. Caren alipomaliza kutia sahihi, Burhan alichukua karatasi, akasoma ukurasa wa pili mara mbili, akampa wakili, akatoka.

Mwezi uliofuata Samawati Gesi waliagiza mitungi yote ya lori lile, zaidi ya sitini, irudishwe, wakasema ni ukaguzi wa kawaida. Kesi bado inaendelea. Kampuni ni mshtakiwa wa kwanza, Caren ni wa pili.

Juzi alikutana na Habibo sokoni, kwa mara ya kwanza tangu moto. Kovu lilikuwa limevuta kope ya jicho moja chini. Habibo aliacha vitunguu alivyokuwa akivichagua, akamtazama.

"Uliandika," Habibo alisema.

"Niliandika."

Habibo alivuta shela yake ikafunika mkono, akamgeukia muuzaji, akaendelea kuchagua vitunguu.