Mkono Kwenye Aproni

Tangu mitumba imuulie kazi ya kushona magauni, Specioza wa Bariadi alikuwa akichapa picha za maharusi kwenye aproni. Hakupenda kuharakishwa, na siku ya kitchen party ya bibi harusi Nyanjige, binti wa kaka yake, walimharakisha. Alilaza karatasi ya picha juu ya kitambaa, akakandamiza pasi ya mkaa, akabandua. Nyanjige alitokea vizuri, akimpa mama mkwe sahani ya ugali. Kwa mkono wa kushoto!

Specioza alikuwa amesahau kumwambia fundi wa studio aigeuze picha kwanza, maana ikipigwa pasi kulia huwa kushoto. Karatasi nyingine ingetoka Mwanza, na mama mkwe, ambaye angezawadiwa aproni hiyo, alishaingia uani kwa vigelegele. Chakula cha mkwe kwa kushoto, Usukumani! Specioza alijilaani kwa sauti.

Nyanjige akaingia, akaiona aproni, akanywea.

“Nani kakwambia, shangazi?”

“Kaniambia nini wewe?”

“Siku ile ya picha mama yangu alinikanyaga mguu kunionya, ndipo nikatumia mkono wa kulia. Mkono wangu ni huo wa kushoto.”

Walipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

“Haya, mwanangu, nipe aproni yangu,” alisema. “Kwa mkono wako.”