Kidonge Kimoja, Watu Wanne

Saa kumi na mbili asubuhi Ikupa Mwaihojo amesimama ndani ya maji ya Ziwa Nyasa, gauni lake jeupe amelifunga fundo juu ya magoti, anamwamuru mwanamume mzima apanue mdomo.

"Inua ulimi, gwe Lutengano. Huko shavuni kuna nini?"

"Jino, Mama Misheni."

"Jino jeupe hivyo, na kiko unavuta toka utoto?"

Wavuvi wenzake watatu wanaangua kicheko, mpaka mmoja wao anashikwa na kikohozi. Anainama, anashika ukingo wa mtumbwi. Kicheko kinakatika papo hapo. Hapa Itunduma, kijiji cha nyumba arobaini hivi zilizobanwa kati ya maji na milima ya Livingstone, kikohozi hakina utani tena.

Lutengano anatema kidonge kiganjani. Hakukimeza. Alikuwa anakihifadhi ili akakikate, nusu ampe mwenzake.

Ikupa, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni muuguzi na mmisionari. Mwaka huu wa 1977 anatimiza miaka saba akizunguka vijiji sita vya wavuvi, kwa mshahara wa shilingi mia mbili na sitini kwa mwezi.

"Watu wakisikia mmisionari wanadhani lazima awe mzungu mwenye kofia," anasema. "Mimi ni binti wa mkulima wa pareto, kule juu ya Uyole. Kanisa likanituma, nikaja. Kuogelea sijui hadi leo."

Kwa ramani, Itunduma imo Mkoa wa Iringa. Lakini upande huo ni kupanda mlima kutwa nzima kabla hujaiona barabara, kwa hiyo mgonjwa hupakiwa mtumbwini na kupelekwa kaskazini mwa ziwa, upande wa Mbeya, kwenye hospitali ya misheni. Siku mbili, ziwa likiwa na adabu. Upepo wa mwera ukivuma, hakuna anayehesabu siku.

Kibanda chake cha matete hakikai kitupu. Wanawake huja kusukana, kumenya muhogo na kuambiana nani kamfukuza mume na nani karudiwa. Ikupa naye si wa kukaa pembeni. Husema kwamba ugonjwa wa kijiji huanza kuusikia kwenye umbea kabla hajauona kitandani.

Ila umbea mmoja ulimpita.

Mwaka jana, mvuvi mmoja aitwaye Saulo alikutwa na kifua kikuu. Alilazwa miezi miwili akidungwa sindano, kisha akarudi na kopo la vidonge la kujazwa kila mwezi, ameagizwa ameze kimoja kila siku kwa zaidi ya mwaka. Kila mwezi Ikupa alilifungua lile kopo akalikuta tupu, sawasawa na siku zilivyokwenda. Akafurahi. Kwenye daftari lake aliandika: mgonjwa mwaminifu.

Saulo akazidi kukonda. Mwezi Mei mwaka huu walimzika.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mjane wake Marta, mfinyanzi wa vyungu, alikuwa anakanda udongo. Alisema bila kuinua uso: "Mama, yeye alimeza siku yake. Siku nyingine zilikuwa za wenzake."

Ikupa hakuelewa. Marta akamweleza kama mtu anayemweleza mtoto. Mtumbwi ulikuwa na watu watano, na wote walikuwa wanakohoa. Saulo angemezaje peke yake?

"Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Akanijibu, 'Uliuliza kama vimekwisha. Hukuuliza vimeingia tumbo la nani.'"

Anayetaka kuelewa aende akaone samaki wanavyogawanywa hapa. Mbasa na usipa humwagwa mchangani, yakapangwa mafungu sawasawa, moja kwa kila mtu. Aliyelala na homa hapunguziwi. Hata leo fungu la Saulo linatolewa, na Marta huja na ungo wake kulichukua. Mtu wa kula chake pembeni hapati wa kuvuta naye nyavu.

"Hawakuwa wezi," anasema Ikupa. "Wangekuwa wezi ningejua la kuwafanya."

Sasa Lutengano naye amekutwa na ugonjwa uleule. Wenzake watatu bado hawajathibitishwa. Makohozi yao yalichukuliwa Julai, lakini mtumbwi ulipinduliwa na mawimbi na vioo vya kupimia vikazama. Daktari wa misheni hatoi dawa bila kipimo, kwa kuwa akiba ni ndogo na wagonjwa wa milimani wanasubiri. Amemwambia Ikupa waziwazi: vidonge vya Lutengano vikigawanywa, atamfuta kwenye orodha.

Ndiyo maana asubuhi hii Ikupa hatoki majini.

"Meza," anamwambia.

"Nimeze wenzangu wakinitazama? Mimi fisi, Mama?"

"Saulo alikuwa na huruma kama yako. Tumemlaza pale juu, makaburini."

"Afadhali yeye alizikwa na watu. Mimi nikila peke yangu atanizika nani?"

Anayesogea ni yule aliyekohoa, Andendekisye, mkuu wa mtumbwi, mtu wa miaka hamsini ambaye mifupa ya mabega yake sasa inahesabika.

"Basi hatutakutazama," anasema.

Anageuka, anawapa mgongo, uso kwenye milima. Wale wawili wanatazamana, kisha nao wanageuka. Lutengano anateka maji ya ziwa kwa kiganja, anameza. Machozi yanamlenga. Ikupa anamkagua mdomo, chini ya ulimi, shavu hili na lile. Mtupu.

Limebaki kopo la vidonge vyake. Ikupa anaondoka Alhamisi, na hatarudi kabla ya siku kumi na nne. Akimwachia mke wa Lutengano, wake za wenzake watamwomba, naye hana uso wa kuwanyima.

"Nipe mimi," anasema Andendekisye.

"Wewe unayekohoa hivyo?"

"Ndiyo huyohuyo. Anayekuja kuomba ataniona ninavyokohoa na kopo likiwa mkononi mwangu. Ataona aibu."

Ikupa anahesabu vidonge kumi na vinne, anamkabidhi. "Mkono ulikataa kufunguka," anakiri baadaye, ameketi mlangoni kwake akikausha vioo vitatu vipya vya makohozi juani. Kimoja kina jina la Andendekisye.

Mpango wake ni kuvisafirisha akiwa amevifunga kifuani mwenyewe, asimwamini mtu wala mzigo. Kisha akae mlangoni pa maabara hadi majibu yatoke, arudi na makopo matatu zaidi, na wavuvi wote wanne wawe wanameza kwa pamoja kabla hawajagawana samaki.

Lakini kuna jambo linamkera, na analisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa wanawake wameshaanza kuingia na muhogo wao.

"Kila niliyempima maishani nimemwombea asikutwe na ugonjwa. Safari hii naomba wakutwe nao, wote watatu. Asiyekutwa nao hapewi dawa, na kukohoa anakohoa."

Anakigeuza kioo cha mwisho juani.

"Tangu jana naomba hivyo. Sijui kama Mungu hupokea ombi la namna hiyo."