Baba na Has Been

Juzi, nyumbani kwangu Nzuguni, binti yangu aliniuliza tofauti ya has gone na has been. Mimi niliyesomea lugha chuo kikuu nikamwambia nimechoka. Sikudanganya, swali hilo limenichosha tangu utotoni.

Nilisoma Ihumwa, karibu na reli. Mchana ule darasa lilinuka chaki na jasho, na Mwalimu alikuwa akieleza: has gone, mtu amekwenda na bado yuko huko, has been, amekwenda na amesharudi. Baba alikuwa amepanda treni kwenda Tabora kutafuta kazi, tangu kabla ya mvua. Siku hizo niliamini kwamba sentensi ikipata vema, na mambo yenyewe hunyooka. Nikasimama.

"My father has been to Tabora."

"Mbona hatujamwona?" akadakia mwenzangu wa dawati. "Au kaja kwa Kiingereza?"

Darasa likaangua kicheko.

"Amerudi, mwanangu?" Mwalimu akauliza.

"Bado, Mwalimu."

"Basi ni has gone."

"Mpaka lini?"

Alifuta ubao polepole. "Hilo kitenzi hakisemi."

Jioni nilimkuta mama uani akipepeta mtama, makapi yakaniwasha shingoni. Akaniuliza tumejifunza nini.

"Has been."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mtu amekwenda, halafu amerudi."

Mama alirusha mtama, akaudaka kwa ungo, akarusha tena.

"Hicho ndicho Kiingereza kizuri," akasema.